Saa ya Kila Siku ya Mwalimu Nthiga

Karurumo,
14 Februari 1994

Kwa shemeji yangu Kinoti,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Dada yako Kanana hajambo, Mutugi na Wawira wanakua na wanakula utadhani wako kwa mashindano. Mimi nilishikwa na malaria kidogo baada ya Krismasi lakini imeniacha.

Shemeji, sitazunguka. Nataka saa. Najua utacheka, maana ulipokuja kuchukua mbuzi wa mwisho wa mahari uliniuliza ni saa ngapi nikaangalia jua. Sasa mimi ni naibu wa mwalimu mkuu na bado nauliza watoto wa darasa la saba kama wakati wa kengele umefika. Wewe unatengeneza redio na kuuza saa za mtumba hapo Meru mjini, na kila aliyenunua kwako anaringa. Nitafutie moja.

Sitaki hizi za plastiki zinazouzwa sokoni pamoja na betri za tochi. Nataka ya Uswisi, ya ukweli, iliyotumika, kwa sababu mpya siwezi hata kuiota. Moja tu, ya kila siku. Niivae darasani chaki ikinimwagikia, niivae nikichuma kahawa, Jumapili niingie nayo kanisani, na nikiketi mbele ya wazee isinitie aibu. Iwe na mkanda wa chuma. Na iwe ya kuonekana, shemeji. Mtu akiingia mahali nilipo, aone saa kabla hajaniangalia uso.

Mwezi wa nane baba yangu, Mzee Ireri, anatukatia shamba mimi na kaka yangu Kivuti. Siku hiyo nataka kuketi na saa mkononi. Pesa ataleta Antony, yule wa lori la mkate. Kanana usimwandikie habari hii, nataka kumshtua.

Wako,
Nthiga


Kinoru, Meru,
27 Februari 1994

Mwalimu!

Antony amefika na bahasha, nimeifungua, nikazihesabu pesa mezani. Umeuza nini? Dada yangu ana viatu vya kanisani? Ukiniambia anavyo nitaendelea kuandika. Haya, nimeamua kuamini kwamba anavyo.

Sasa sikiliza, kwa sababu hii ndiyo kazi yangu na hapa sitaki mzaha. Watu wanakosea kuchagua saa kwa sababu wanachagua kwa macho. Ninazo tatu za kukuonyesha.

Ya kwanza ni ya dhahabu, nyembamba, mkanda wa ngozi. Ni ya harusi. Ukienda nayo kwa kahawa, itaingia maji kabla debe la kwanza halijajaa. Hiyo achana nayo hata kama moyo unaipenda.

Ya pili ni ya betri. Haikosei hata dakika, na ukiiweka kabatini mwaka mzima utaikuta ikitembea. Ila betri yake inatoka Nairobi, na mimi binafsi siiheshimu saa ya betri. Inafanya kazi hata kama mwenyewe hayuko.

Ya tatu ndiyo saa. Omega ya chuma, uso mweusi, mishale inang'aa gizani, ina dirisha la tarehe. Si kubwa sana wala si ndogo, inaingia chini ya mkono wa shati na bado inaonekana. Ilikuwa ya Mjerumani mmoja aliyekuwa kwa mradi wa maji kule Mitunguu. Alichimba nayo mitaro na akaivaa kwa harusi ya binti wa chifu. Haina betri wala haitiwi ufunguo. Inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Kwa mtu kama wewe, wa chaki na jembe, hiyo haitasimama maisha yako yote.

Ukikubali, pima mkono wako kwa uzi, unitumie uzi wenyewe. Nitapunguza pingili za mkanda hapa hapa.

Shemeji wako,
Kinoti


Karurumo,
10 Machi 1994

Shemeji Kinoti,

Dada yako ana viatu, jozi mbili, uache kunitukana.

Nimechagua ya tatu. Ile ya betri nilikuwa naitaka kwa sababu haina kazi nyingi, lakini umeisema vibaya mpaka nikaona haya. Uzi huu hapa.

Ifike kabla ya Pasaka kama inawezekana. Kivuti ameanza kusema kwamba mimi siku hizi sionekani kwa mikutano ya ukoo. Nataka aone naonekana.

Nthiga


Kinoru,
21 Machi 1994

Mwalimu,

Antony anakuletea saa. Imefungwa kwa soksi mpya, na soksi pia ni yako.

Lakini uzi! Umepima mkono wa nani? Wa Wawira? Nimepima mara mbili na nimetoa pingili nne, kitu ambacho sijawahi kufanyia mwanaume. Nimeziweka kwa bahasha ndogo, ukinenepa kwa chakula cha dada yangu utazirudisha. Walimu, kweli mshahara wenu Mungu anauona.

Kumbuka, usiivue kila mara. Vaa, fanya kazi, basi.

Kinoti


Karurumo,
30 Mei 1994

Kinoti ndugu yangu,

Kwa hivyo wewe ndiye ulimtafutia mume wangu saa bila kuniambia. Sawa. Ni saa nzuri, kila mtu amesema. Mama mkwe wangu Wambeti aliishika kwa mikono miwili. Hata Kivuti aliitazama akanyamaza, na Kivuti hanyamazi.

Ninaandika kwa sababu ya mkanda. Saa inazunguka na kwenda chini ya mkono, uso unaangalia ardhi. Nieleze vile pingili zinatolewa, nadhani mbili zaidi. Nina kijisindano cha kushonea na nyundo ya baiskeli. Haivui hata akilala, kwa hivyo nitafanya akiwa ameketi.

Yeye hajambo. Ni baridi tu ya huku juu, unajua vile mwezi huu ulivyo.

Dada yako,
Kanana


Kinoru,
8 Juni 1994

Kanana,

Pingili mbili zaidi! Unampa nini huyo mtu, maji ya moto? Pika, mama. Nimemwona kwa macho yangu akimaliza sufuria ya mukimo siku ya mahari.

Upande wa ndani wa mkanda kuna mishale midogo imechorwa. Sukuma kipini kufuata mshale, kipige taratibu, taratibu Kanana, si kama unapigilia msumari wa mabati. Ukikwaruza mkanda nitakuja huko kwa miguu.

Ndugu yako,
Kinoti


Karurumo,
11 Julai 1994

Kwa mheshimiwa Bwana Kinoti, muthoni wetu wa ukweni,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Kivuti, ndugu mkubwa wa Mwalimu Nthiga. Tulikutana siku za mahari na nakumbuka ukarimu wa nyumba yenu.

Naandika kwa uchungu na kwa siri, kwa maana ndugu yangu anaona haya kukuambia. Ile saa uliyotuuzia inakufa. Jumapili moja nilimwuliza saa tukiwa kwa Mzee, akaangalia akasema saa nne, na sisi tulikuwa tumeshakula cha mchana. Jana nikamwuliza tena. Ilikuwa imesimama kabisa. Kanana akaichukua haraka akasema ni vumbi.

Muthoni, unajua desturi. Tulipowaletea mbuzi, mmoja akafa njiani, na tulirudisha mwingine bila kelele. Muthoni hapewi kitu kinachokufa. Na nyinyi mmepewa binti zetu na sisi tumepewa wenu, tungependa heshima hiyo ikae.

Tarehe sita mwezi wa nane wazee wanakutana hapa kwa mambo ya shamba. Sitaki kulitaja jambo hili mbele yao, kwamba watu wa Kinoru walimpa mkwe wao kitu kibovu. Kwa hivyo nakuomba unieleze mapema: saa ni mbovu, au kuna sababu nyingine inayofanya saa kama hiyo isimame? Mimi sijasoma sana, nieleze polepole.

Ni mimi muthoni wako,
Kivuti


Karurumo,
17 Julai 1994

Kinoti,

Barua hii naipeleka posta mwenyewe. Ukimaliza kuisoma uichome.

Nthiga ni mgonjwa. Si malaria wala si baridi. Alipimwa mwezi wa kumi na mbili akaambiwa ni ule ugonjwa ambao hauna dawa. Nimekudanganya, na yeye amekudanganya, na nisamehe, lakini huku hakuna mtu anajua ila sisi wawili.

Unajua baba mkwe wangu vile alivyo. Kwao shamba halikatiwi mtu anayeondoka. Wanasema ukimkatia, anaondoka na wengine wa nyumba hiyo. Mzee akijua, sehemu yetu ya chini, ile ya kahawa na chemchemi, itaandikwa jina la Kivuti, na mimi na watoto tutakuwa watu wa kuombaomba kwa nyumba yake. Ikikatwa Nthiga akiwa hai, mipaka ikapandwa, basi ni ya Mutugi hata baba yake akienda siku ya pili yake.

Ndiyo sababu ya saa. Alisema mtu anayejua anakufa hanunui saa ya bei. Alisema watu wakiiona wataacha kuhesabu mifupa yake. Na imesaidia Kinoti, kweli imesaidia. Tangu Pasaka watu wanasema Mwalimu amepona, Mwalimu amepata pesa mahali.

Lakini inasimama. Siku za shule anasema ana ruhusa ya masomo, analala tu kitandani, ninamgeuza. Jumapili namvika koti mbili na tunaenda kwa Mzee. Nikiamka asubuhi nakuta saa imekufa, naishika mkononi naitikisa nikikoroga uji mpaka iamke, naiweka sawa na redio, ndipo namrudishia. Jumapili iliyopita nilisahau na Kivuti akaona. Nthiga sitaki kumwuliza, nadhani betri imeisha. Tafadhali nitumie betri mpya kabla ya tarehe sita. Na mtu yeyote akikuuliza chochote juu yake, sema yuko sawa. Zaidi ya wote Kivuti.

Naogopa sana. Nikisikia mbwa wakibweka nadhani ni yeye amekuja kuangalia.

Kanana


Kinoru,
18 Julai 1994

Kwa muthoni wangu Kivuti,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hakuna mtu wa Kinoru amewahi kumpa muthoni kitu kinachokufa. Nitakueleza polepole kama ulivyoomba, na nitaeleza yote.

Saa hiyo si mbovu. Haina betri. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachozunguka mkono ukitembea, na huko kuzunguka ndiko kunakoijaza. Mtu akishika jembe, akiandika ubaoni, hata akisalimiana tu na watu kanisani, saa inashiba. Isipotikiswa siku moja na kitu, inalala. Ukiitikisa itaamka, lakini itaanza pale pale ilipolalia, ndiyo maana ulionyeshwa saa nne wakati wa chakula cha mchana.

Kwa hivyo kosa si la saa, kosa ni la mkono. Saa hiyo haiwezi kusimama ikiwa imevaliwa, labda aliyeivaa awe amelala kutwa kucha bila kuinua mkono. Nilidhani Mwalimu anaificha kabatini isikwaruzwe. Lakini dada yangu aliniandikia kwamba haivui hata usiku! Sasa wewe niambie. Haivui, na inasimama. Huyo mtu anafanya kazi gani?

Tena mkono wenyewe si wa mtu wa kazi. Aliponitumia kipimo nilitoa pingili nne, na mwezi wa tano Kanana akaomba mbili zaidi. Ni mkono wa msichana mdogo. Hali chakula, hafanyi chochote, halafu saa ya watu inalaumiwa. Mimi nasema wazi, ukiivaa wewe Kivuti, mtu wa kupanda na kuchuma majani ya muguka kila siku, haitasimama hata mara moja.

Ukiona vyema, isomee wazee barua hii siku hiyo ya mkutano, jina la nyumba yetu lisafishwe.

Kwa heshima,
Kinoti


Kinoru,
3 Agosti 1994

Kanana, Kanana,

Barua yako nimeipata jana asubuhi. Ilikaa posta siku zote hizo na mimi napita nje ya posta kila siku.

Nimefanya jambo baya. Kivuti aliniandikia akiuliza kwa nini saa inasimama, akanitishia aibu ya muthoni, na nikamjibu. Nilikuwa na hasira. Nilimweleza kwamba saa hiyo haina betri, inajazwa na mkono ukisogea, na ikisimama ni kwa sababu mwenye kuivaa amelala. Nikamwambia habari za pingili. Nikamwambia asome mbele ya wazee. Sikujua, haki ya Mungu sikujua, nilidhani mume wako ni mvivu.

Nilimtuma Antony aulize posta yenu ya Runyenjes kama barua bado iko. Wamesema ilichukuliwa wiki iliyopita.

Sikiliza. Msiende huo mkutano. Sema amesafiri. Ama nije mimi niseme nilikuwa mlevi nikiandika. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Nakutumia saa ya betri na huyu huyu Antony. Ni ile nyingine, ya pili. Mvike hiyo.

Kinoti


Karurumo,
8 Agosti 1994

Kinoti,

Saa yako ya betri ilifika Jumamosi jioni. Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi. Lori liliharibika Chuka.

Barua yako nilikuwa nimeipata, Antony aliipa mtu aje nayo mbele. Nilimwambia Nthiga tusiende. Akasema asipoenda Kivuti atakuwa ameshinda bila kusema neno, na akienda labda Kivuti ataona haya. Hukuwahi kumjua Kivuti.

Alitembea mwenyewe kutoka barabarani mpaka kwa Mzee. Nilikuwa nyuma yake na uji wa wazee, sikumshika. Aliketi wima. Saa ilikuwa sawa, niliitikisa tangu alfajiri mpaka bega likaniuma. Mzee akamwangalia akafurahi, akasema Mwalimu amerudi. Vijana walikuwa wameshachukua kamba na panga za kwenda mpakani. Walikuwa wamesimama, Kinoti. Walikuwa wanaanza kutembea.

Ndipo Kivuti akatoa barua. Aliisoma kwa Kiswahili, halafu akaieleza kwa Kiembu ili Mzee asikie vizuri. Hakuongeza neno lake hata moja. Alisoma yako tu, mpaka pale pa msichana mdogo, mpaka jina lako mwishoni.

Mzee akamwita Nthiga karibu. Akasukuma mikono ya koti zote mbili. Saa ikateleza kutoka kwa kifundo ikaenda mpaka karibu na kiwiko. Mzee akaushika ule mkono muda mrefu, akalia, sijawahi kumwona akilia. Halafu akawaambia vijana waweke kamba chini.

Sehemu ya chini itakuwa chini ya Kivuti. Ndivyo walivyosema kabla ya kunywa uji wangu.

Usije huku kwa sasa. Sitaki kukuona.

Kanana


Karurumo,
20 Agosti 1994

Shemeji,

Samahani kwa mwandiko, nimeegemea mto na kalamu haitaki.

Kanana amekukasirikia na ana haki. Mimi nimekuwa nikitafuta hasira yangu siioni. Labda nayo imelala. Ningekuambia ukweli mwezi wa pili ungefunga mdomo, najua. Niliogopa kwamba ukijua utakuja kumchukua dada yako na watoto, na mimi nife peke yangu. Huo ndio ukweli wote, hauna uzuri.

Ulinichagulia saa ya ukweli kupita kiasi. Ile ya betri ingenisaidia kudanganya watu mpaka mwisho. Niliitaka ile, kumbuka, na ukanifanya nione haya! Nilicheka peke yangu jana nikifikiria jambo hilo, Kanana akadhani ni homa.

Usijilaumu sana. Jilaumu kidogo, kwa sababu unapenda sana kuonekana unajua. Mimi pia nilikuwa hivyo darasani.

Nakuachia hao watu watatu. Sina kitu kingine cha kuandika juu yao ambacho nitakimaliza.

Nthiga


Karurumo,
27 Septemba 1994

Kwa mheshimiwa muthoni wangu Kinoti,

Kwa masikitiko nakujulisha kwamba ndugu yangu mpendwa Mwalimu Nthiga alituacha jana adhuhuri. Atazikwa Jumamosi hapa nyumbani. Nyumba yenu inakaribishwa, na mtapewa nafasi ya kusema neno kama wathoni, lakini liwe fupi kwa sababu ya mvua.

Mzee na mimi tumekubaliana kwamba saa isiende naye kaburini, ni mali ya nyumba. Naivaa mimi. Niliongeza zile pingili za kwenye bahasha na imenikaa sawasawa. Nataka ujue kwamba naenda nayo shambani, sokoni na kanisani, na haijasimama hata mara moja. Ulisema kweli.

Mjane na watoto wako mikononi mwangu.

Muthoni wako,
Kivuti


Karurumo,
4 Desemba 1994

Kinoti,

Barua hii analeta Winrose tunayeimba naye kwaya. Usimwulize kitu, hajui kilicho ndani.

Siku ya mazishi nilikuona umesimama kule nyuma kando ya ua, umelowa, na sikuja kukusalimia. Umeandika mara nne tangu siku hiyo ukiomba nirudi Kinoru na watoto. Zote Kivuti alizifungua kabla ya kunipa. Acha nikujibu mara moja.

Sirudi. Mama mkwe alimwendea Mzee akapiga magoti, mama wa watu mwenye mgongo mbaya, akaomba kwa ajili ya Mutugi. Mzee akamwita mchungaji, na mbele yake akasema hivi: nilime ile sehemu ya chini maadamu nina nguvu. Mutugi akishatahiriwa na kuwa mtu mzima, akatiwe yeye, kwa jina lake. Nikishindwa kulima kabla ya hapo, irudi kwa Kivuti na mazungumzo yaishe. Kivuti alikubali kwa sababu mchungaji alikuwa anamtazama.

Kwa hivyo nalima. Naamka kabla ya mke wa Kivuti na nahakikisha ananiona nikipita. Nachuma kahawa nikiimba. Nabeba debe lililojaa kichwani mpaka kiwandani na napita katikati ya boma, sio nyuma. Watu wanasema mjane wa Mwalimu ana nguvu za punda. Nawaacha waseme.

Mutugi ana miaka kumi na moja.

Mwezi uliopita nilienda Chuka ambako hakuna anayenijua, nikapimwa. Ninao. Ni ule ule wa Nthiga. Daktari alisema naweza kukaa miaka kadhaa au nisikae, hawezi kujua. Watoto hawana, wote wawili, hilo nilimshukuru Mungu mpaka nikaketi chini njiani.

Nimekukasirikia kiasi ambacho siwezi kukuambia. Lakini siwezi kubeba jambo hili peke yangu, na wewe ndiye mtu wa tumbo moja na mimi. Mama usimwambie. Mkeo usimwambie. Watu wa huku wakikuuliza, hata wakikutukana, hata wakisema sisi watu wa Kinoru ni wezi, wachawi, wachafu, wakubalie na uende zako.

Kivuti hajui. Safari hii usimjibu mtu. Hata mimi usinijibu.

Kanana